Mhibiskasi Uliopita Paa

Shoka lilikuwa limeshapanda begani kwa shemeji, na mjane ameukumbatia mti wake wa maua, mhibiskasi, kwa mikono miwili, sauti ilipoita langoni:

"Hodi, mama."

Alikuwa kijana mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi, kandambili moja imefungwa kwa waya. Mjane alimtazama kitambo. Kisha akauachia mti, akapiga ukelele uliowatoa majirani jikoni.

"Mwanangu! Kijiti wangu karudi!"

Shoka likashuka taratibu.

"Ngoja kwanza," shemeji alisema baada ya kupeana mkono na kijana. Mapatano yalikuwa wazi, mtaa mzima uliyajua: Kijiti asiporudi hadi siku hiyo, kiwanja kinakwenda kwa ndugu wa marehemu, na hapo penye mhibiskasi panachimbwa msingi wa vyumba vya kupangisha. Msingi wenyewe ulikuwa uanze asubuhi hiyo. "Kijiti alikuwa wa mkono wa kushoto. Huyu kanipa wa kulia."

"Ulitaka ampe baba yake mdogo mkono wa kushoto? Adabu gani hiyo?"

"Na lile kovu usoni?"

"Shemeji, hata wewe ulikuwa na nywele. Ziko wapi?"

Majirani waliangua kicheko. Kijana alifungua mdomo aseme neno, mjane akaujaza kwa kikombe cha maji. "Kunywa, mwanangu. Maneno hayaozi."

Kiu ina nguvu kuliko ukweli. Akanywa.

Shemeji alilifunga shoka lake kwenye gunia, akaondoka akinung'unika kwamba uzee umemla shemeji yake macho. Hakuna aliyembishia. Mama aliyengoja vile, nani asingemhurumia? Hata muuza mkaa angebisha hodi siku ile, angeitwa mwana.

Mhibiskasi ukabaki. Marehemu mumewe, fundi cherehani ambaye hakuwahi kushika jembe maishani mwake, ndiye aliyeupanda, kesho yake baada ya kugombana na kijana wao hadi majirani wakasikia. "Kijiti kaondoka bila kuaga," aliwaambia watu, huku akipigapiga udongo kwa miguu. Tangu hapo fundi hakuketi tena upande ule wa nyumba, hata jua liwe kali namna gani, mpaka alipokufa.

Majirani walichukua vipandikizi vya mti ule wakapanda kwao, vikadumaa. Wa mjane ulipita paa. Shina lilinenepa kama paja la mtu, na maua mekundu, mapana kama sahani, yalifunguka kila asubuhi, jioni yakajikunja kama miavuli na kudondoka. Mjane aliyaokota moja moja. Hakuyafagia hata siku moja.

"Unautilia mbolea gani, jirani?" walimuuliza.

"Uchungu wa mwana," alijibu, nao wakacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa mafumbo.

Kijana alipewa chumba cha Kijiti. Tawi moja lilisugua kioo cha dirisha mchana kutwa, upepo uwepo usiwepo, kama mtu anayetafuta kitasa. Chini ya kitanda palikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa dawa vikang'aa.

"Vaa," mjane alisema. "Ndiyo jozi pekee uliyokuwa nayo."

Vilimbana kidogo. Alivivaa.

Mezani mjane alimpakulia tena kabla sahani haijaisha. Kisha akafuta mikono, akasema kwa furaha ya mtoto, "Kitendawili!"

"Tega."

"Alikwenda safari ya mbali, viatu akaviacha."

Kijana aliacha kutafuna. Akatazama miguu yake. "Sijui, mama."

"Basi nipe mji, nikupe jibu."

"Mji wenyewe sina."

Mjane alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi litakaa. Utakuja kulipata."

Siku zilikwenda. Kijana alipaka ukuta chokaa, akaziba paa, akajifunza kuukata mhibiskasi juu kidogo ya jicho la tawi na kuuosha wadudu wa vidukari kwa maji ya sabuni. Shemeji alipita mara mbili barabarani, akachungulia, akaendelea na safari yake. Watu walianza kusema kwamba kumbe kijana anafanana na marehemu, hasa kwa mwendo.

Lakini chakula cha mwenzio hakishuki vizuri. Kila alipopakuliwa, kijana alimwona huyo mwingine huko aliko, hana viatu, na siku moja anarudi, anakuta kitanda chake kina mtu. Akaona ni heri afukuzwe kuliko kuwekwa kwa jina la mtu.

Asubuhi moja alimfuata mjane bustanini. Mjane alikuwa amechuchumaa akiokota maua ya jana, akiyapanga kwenye kanga yake. Kijana alisimama chini ya mti, ndoo mkononi.

"Mama, nisamehe. Mimi siye Kijiti. Sijawahi hata kumwona. Nilibisha hodi kuomba maji tu. Mwanao yuko huko aliko, na ipo siku atarudi."

Mjane hakuinua uso. Aliokota ua jingine, akalipuliza udongo.

"Najua, baba. Nilijua tangu ile hodi," alisema kwa upole. "Ila sogea kidogo hapo. Umemkanyaga mwenye viatu."