Sindano ya Pili

Kichupa kilimponyoka fundi wa maabara kikapasuka sakafuni, na maji yaliyotolewa kwenye uti wa mgongo wa mzee mmoja mgonjwa yakaishia chini ya soli ya kiatu cha fundi.

Watafiti walitaka kupima humo chembe zinazobeba mafuta ya ubongo, wajue kama ni jeni za kurithi zinazowafanya watu wa ukoo wa mzee huyo wasahau mapema. Daktari alimtuma fundi akamweleze mzee ukweli na kumwomba radhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye nani?"

Fundi akaacha kuomba radhi. Asubuhi ile ile mzee alikuwa ameung'ata mto kwa maumivu ya sindano ya kwanza, na fundi ndiye aliyemshika mkono.

"Natoka maabara. Tunaomba kukuchoma sindano mgongoni, tuchukue maji kidogo."

"Itawafaa wanangu?"

"Huenda."

"Basi chukueni." Mzee akalala ubavu, akapandisha shati mwenyewe. Vidole vyake vikagusa plasta yenye doa la damu. "Hapa pananiuma. Sijui nimeumwa na mdudu?"

Daktari alikuwa anaingia na sinia la sindano. Fundi alihisi uso unawaka kwa aibu.

"Labda mdudu, mzee," alisema kwa sauti ya chini, akaanza kuibandua plasta.