Wiki Moja Ureno

Pikapu ilikuwa ikinguruma kando ya shamba la majani chai, imebeba mashua ndogo ya tanga ambayo Chepkosgei alijifunzia bwawani. Ilikuwa inapelekwa bandarini, kisha kwenye mashindano Ureno. Tangu asubuhi baba yake alikuwa akiizunguka, akikaza kamba zilizokwisha kukazwa.

Alipopenyeza mkono ndani ya mashua atafute mahali pa kufunga kamba nyingine, vidole vyake viligusa kioo. Akakivuta. Ilikuwa picha ya marehemu mkewe, ile ya ukutani sebuleni, imefungwa ndani ya sweta zote za binti yake.

“Mashindano ni ya wiki moja, si ndiyo?” akauliza.

“Ndiyo, baba.” Chepkosgei alikuwa akiangalia barabara ya Bomet, mguu wake ukigongagonga gurudumu.

Mzee akapangusa kioo kwa mkono wa shati, polepole, pembe hadi pembe. Akairudisha picha ndani ya sweta, akazikunja vizuri zisiingie maji.

“Tumechelewa, mzee,” dereva akasema.

“Zima gari,” akamjibu. “Huyu mtoto hajakunywa chai.”