Kalamu ya Dulcie

Dulcie, mkaguzi wa serikali wa maeneo ya kale, alipiga magoti kwenye mwamba ambao wahenga wake walinolea mashoka ya mawe. Mifereji yao laini ilikuwa imekwanguliwa na buldoza, na kidole chake kikatoka na vumbi jeupe.

"Mama, mimi nimetumwa tu," dereva wa buldoza akasema. Alikuwa mtoto wa dada yake, na kwao mtoto wa dada ni wako wa kumzaa.

Mwenye shamba, aliyepewa tangu Machi barua ya kukatazwa kuugusa mwamba huo, akacheka. "Haya, mshtaki mwanao tuone!"

Dulcie akaandika jina la dereva kwenye fomu, kisha akamkabidhi kalamu.

"Sasa andika wewe. Nani alikutuma?"

Dereva akajifutia grisi ya mikononi kwenye suruali, akaipokea.

"Majina yake yote matatu, Mama?"