Zipu ya Mgongoni

Mumewe alikuwa bado anaoga Mwanvita alipoamua kulijaribu lile vazi zito la mpira la kuzamia, ambalo mumewe alirudi nalo Kilakala kutoka masomoni Norwe. Kule, alimwapia, kila Jumapili alizamia baharini peke yake, eti kuondoa upweke, kwenye maji ya baridi kuliko mito yote ya Uluguru.

Lilimbana kweli. Zipu ilikatiza mgongoni, toka bega hadi bega. Mwanvita akapeleka mkono kwa juu, akaupitisha kwa chini, akajipinda hadi jasho likamtoka. Vidole havikuifikia.

Mlango wa bafu ukafunguliwa.

"Umependeza, mke wangu! Geuka nikufungie zipu."

Mwanvita hakugeuka.

"Na wewe, nani alikuwa anakufungia?"