Kikohozi cha Mzee Ambakisye

Alama za tairi ziliiacha njia ghafla, zikaingia kwenye miiba.

Mzee Ambakisye, mlinzi wa msitu, alisimama pale anatweta, rungu mkononi, kikohozi kinampasua kifua. Njia ilikuwa nyeupe, pana, imeshindiliwa na baiskeli za watu wa Isansa mpaka imelainika. Mtu mwenye akili timamu anaiachaje njia kama hii, akajitosa kwenye miiba na baiskeli yake?

"Ni mkaa huo," alisema. "Au mbao. Hakuna kingine."

Dina, afisa misitu kijana aliyehamia wilayani majuzi, aliinama akazitazama zile alama. Zilikuwa za matairi yenye meno, ya baiskeli za gia ambazo vijana wananunua Tunduma. Kwapani alikuwa amebeba kibao kipya, rangi bado inanuka: BAISKELI MARUFUKU.

"Mzee wangu, si wewe uliyetuomba baiskeli ziruhusiwe kupita hifadhini?"

"Ni mimi."

"Ukasema kila mtu atateremka kibandani kwako, umkague mzigo, ndiyo apite. Sasa huyu?"

 Ambakisye alikuwa amesimama mkutanoni mbele ya kijiji kizima, akaweka jina lake rehani. Bila njia hii watu wangezunguka na magunia ya kahawa kwa barabara ya vumbi, wapande mlima, washuke mlima, mpaka jua liwazamie njiani. Na wote walitii. Waliteremka, wakafungua mizigo, wakamtania kidogo, wakapita. Isipokuwa huyu mmoja, mwenye koti kubwa na kofia ya sufu, ambaye hajawahi kumwona ila mgongo.

"Kesho narudi," Dina alisema. "Ukiwa hujamkamata, kibao hiki nakipigilia. Sipendi, lakini na mimi nina wakubwa zangu."

Walirudi kibandani. Juu ya kigoda walikuta bakuli limefungwa kitambaa: ugali na maharage, bado yanatoa mvuke. Ambakisye akamkaribisha mgeni wake wale.

"Nani kakuletea, na kijiji kiko kule ng'ambo ya msitu?"

"Mke wangu, Loisi, huwa anatuma mtu. Nikitoka kuzunguka nakikuta chakula hapa." Alimega tonge, akabaki amelishika tu. "Nyumbani kwangu kila mtu anajua sheria, mwanangu. Nina mkamwana, Tulinagwe, mke wa kijana wangu aliyeko Tunduma. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Basi tangu aolewe, hata kivuli changu hajakikanyaga. Adabu ya namna hiyo! Halafu mwizi mmoja wa mkaa ananichezea humu msituni."

Dina alicheka. "Labda anakusikia, mzee. Hicho kikohozi chako kinafika mpaka Vwawa."

Lile neno lilimwingia Ambakisye. Alitembea nalo jioni yote. Akakaa, akainuka, akazunguka ua, akakaa tena, mpaka Loisi akamuuliza kama ana siafu kwenye suruali. Akasema ni uchovu tu. Mambo ya kazi hakuwa na tabia ya kuyaleta nyumbani. Lakini moyoni alikuwa anawaka. Kumbe ndivyo! Kila alipokohoa, yule mtu alitoweka. Miezi yote hii amejisaliti mwenyewe kwa kifua chake.

Siku ya pili alijibanza pale pale alama zilipoiacha njia, nyuma ya mti, kipande cha tangawizi amekibana shavuni. Dina alijificha hatua chache nyuma yake na kibao chake. Kikohozi kilimpanda, akakimeza. Kikapanda tena, machozi yakamtoka, akakimeza tena. Alihama mguu huu, akahamia ule. Akilini aliwaona majirani zake wote wanasukuma magunia kwenye vumbi, na kila mmoja anamlaani yeye kwa jina.

Mnyororo ukasikika. Baiskeli ikaja mbio, koti limejaa upepo, kofia imevutwa mpaka machoni. Safari hii haikuiacha njia.

Ambakisye akaruka. Aliikamata keria kwa mikono miwili, baiskeli ikayumba, ikalala ubavu, mwenye koti akaangukia kwenye majani.

"Nimekupata leo! Mwizi mkubwa we!"

Kofia ilikuwa imedondoka. Kwenye keria hakukuwa na mkaa wala mbao. Bakuli lilibingirika njiani, kitambaa kikafunguka, na maharage ya moto yakammwagikia kiatuni. Kitambaa alikijua. Loisi alikidarizi mwenyewe.

Ambakisye akaiachia baiskeli kama aliyeshika kaa la moto. Akageuka, akajitosa kwenye miiba kichwa mbele, akajifunika koti lake gubigubi. Aibu ilimchoma mwili mzima kuliko ile miiba.

Alisikia hatua za Dina zinakuja mbio, kisha zikasimama.

"Mzee! Si umeshamkamata? Mbona wewe ndiye unayekimbia?"

Alizidi kujikunyata. Baada ya kitambo alisikia kibao kinawekwa chini kwenye majani. Kisha ikaja sauti ya mwanamke kutoka ng'ambo ya njia, sauti ambayo miaka yote alikuwa akiisikia kwa mbali tu, nyuma ya jiko.

"Dada, naomba umwambie baba anisamehe. Leo sikumsikia akikohoa."