Kidole Kisichogusa Chuma

Bi Siwema aliingia dukani akiwa ameshaamua jambo moja: masomo ya jioni hatayaacha. Vifundo vya vidole vilimuuma kila alipobonyeza kipanya cha kompyuta darasani, na mwalimu alimwambia vipo vipanya visivyo na waya wala vitufe, vinavyotaka kuguswa tu.

Muuzaji, Kheri, aliweka kimoja mezani, kando ya kompyuta iliyowashwa. "Telezesha kidole hapo juu, mama. Usikikandamize."

Alisema bismillahi kimoyomoyo, akatelezesha kidole cha shahada. Ukurasa kwenye kioo cha kompyuta haukusogea. Akajaribu cha kati, kisha cha pete. Wapi.

Kheri alivitazama vile vidole, vigumu kama kwato. "Mama unafanya kazi gani?"

"Chapati. Nazigeuza kwa mkono, mwaka wa thelathini huu."

"Basi hakiwezi kukuhisi, ngozi imekufa ganzi. Usije ukanilaani bure."

"Sikulaani. Ngoja nimalize kuomba."

Midomo yake ilicheza. Ndipo alipokumbuka kidole cha mwisho, ambacho miaka yote alikiinua juu, mbali na chuma cha moto. Akakilaza juu ya kipanya taratibu, kama anayempapasa mtoto aliyelala.

Ukurasa ukasogea.

"Sasa kidole kimoja hicho kitakufikisha wapi?" Kheri aliuliza.

"Hata kusoma nilianza na herufi moja. Kitafutie kipanya mfuko."

Lakini hakukiachia. Maandishi yaliendelea kupanda kiooni, mstari baada ya mstari, na macho yake yakipanda nayo.