Wako Sita Hapo

Bilali alikuwa ameshainua sururu pale Bi Sikudhani wa nyumba ya jirani alipopita chini ya kamba za msingi, akakaa chini, akanyoosha miguu kama yuko barazani kwake.

“Haya, anza na mimi.”

Evodius, mwenye kujenga, akaruka kutoka kwenye pikipiki, tai shingoni. Kazini Kibaha mjini alishachelewa, na masika hayo yanabisha hodi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Kiwanja ni chako, sikatai. Kaka yangu Mfaume kakuuzia, na karatasi nimeziona. Chimba kote. Ila hapa hapachimbwi.”

Akaonyesha kwa kidole. Kituta cha udongo, kimezungushiwa mawe vizuri, juu yake kimche cha mrehani.

Evodius akavua kofia ngumu. Kwao Bukoba wafu wanalala migombani, nyuma ya nyumba. Kituta kama hicho hakihitaji maelezo.

“Wako wangapi, bibi?”

“Sita.”

“Sita!”

Bilali akageukia upande wa mihogo, mabega yanamtikisika. Mtoto wa Mbwawa huyo, hapohapo kazaliwa. Evodius akamwonea huruma: kumbe na yeye yamemgusa.

“Mama yao aliwafukia mwenyewe,” bibi akasema. “Mwaka jana mwezi wa saba, mimi naangalia. Akamaliza, akaondoka zake taratibu. Hata nyuma hakugeuka.”

“Na hukumzuia?”

“Nimzuie kama nani? Mama yao ni mimi?”

“Polisi walisemaje?”

“Polisi wana kazi zao, baba.”

Evodius akafuta jasho. “Sasa bibi, tutafanyaje?”

“Subiri mvua ikolee. Ikishakolea, chimba mpaka uchoke.”

“Mvua ikikolea msingi unajaa maji!”

“Utajaa.”

“Bibi, nitamleta mjumbe.”

“Mlete. Lete na greda. Mimi nimeshakaa.”

Kesho yake mjumbe akaja, akanong’onezana na bibi, akanywa chai vikombe viwili, akaondoka anajifuta machozi. 

Siku ya tatu Evodius akamleta katekista. Wakasimama wote mbele ya kituta, wakaziombea zile roho sita. Bi Sikudhani, na mtandio wake wa swala kichwani, akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko mwenye sala.

“Huyu mama ana imani,” katekista akasema.

“Ana kichwa kigumu,” Evodius akajibu.

Alhamisi mvua ikashuka. Si ya kutania, ile yenyewe. Bustani ya bibi iliyokuwa kavu kama ukoko ikaamka kwa fujo: kumbikumbi wakatoka ardhini kama moshi, vyura wakabishana mtaroni, minana wakaanza kusuka viota kwenye makuti ya mnazi, mchicha ukachipua hata njiani. Kamba za msingi zikaelea.

Jumamosi asubuhi simu ikaita.

“Baba Evo, njoo uchimbe. Wameondoka wote.”

“Wameondoka nani?”

“Wale sita.”

Evodius akafika na rozari mfukoni. Bibi alikuwa amesimama pembeni, kanga kiunoni, anatafuna muhogo mbichi. Mrehani umelala chali. Kituta kimepasuka katikati, na udongo haukuchimbwa kutoka juu. Ulikuwa umesukumwa kutoka chini.

Akaichomoa rozari.

“Bibi... wamekwenda wapi?”

“Watano wako kwenye mchicha wangu, wananimalizia. Wa sita angalia usimkanyage.”

Evodius akatazama chini. Kobe mchanga, hazidi kiberiti, ganda bado lina udongo, alikuwa anakwea kiatu chake. Anateleza, anarudi, anakwea tena. Kuzunguka hataki.